Mshauri wa Mavazi Anapolishwa na Muuzaji

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia vazi la kutusitiri na la kutupamba. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, au mkashangaa kulikuta katika kurasa hizi. Nalo ni maandishi juu ya mavazi ya kifahari ya wanaume. Tunakusudia yale yanayoandikwa London, Florence, Milan na New York, ambayo leo vijana wetu huyasoma kwenye simu zao baada ya sala ya Isha, kama vile baba zao walivyokuwa wakisoma gazeti. Waandishi hao hueleza namna bega la koti lilivyoshonwa, bitana ilivyotiwa, na matundu ya vifungo yalivyozungushiwa uzi kwa mkono. Mwisho hutaja bei, tena huitaja kwa wepesi kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Wepesi huo ndio uliotufanya tushike kalamu.

Kijana mmoja wa msikiti wetu, aliyekuwa amepata kazi yake ya kwanza ofisini, alitujia kuomba ushauri juu ya deni. Tulidhani ni deni la kodi ya nyumba, au la matibabu ya mzazi. Kumbe lilikuwa deni la suti mbili na jozi moja ya viatu. Tulipomuuliza ni nani aliyemwambia kwamba mtu anayeanza kazi hawezi kufika ofisini bila vitu hivyo, hakumtaja mwajiri wake, wala mzazi wake, wala fundi wake. Alimtaja mwandishi mmoja wa Ulaya ambaye hajawahi kumwona kwa macho, aliyeandika kwamba koti ambalo kanvasi yake imegandishwa kwa gundi badala ya kushonwa halifai kwa mwanamume anayejiheshimu. Basi kijana huyu akaona kwamba heshima yake imekaa kati ya kitambaa na bitana, akaenda kukopa.

Swali tunalouliza ni hili: je, waandishi wa mavazi ya kifahari wameachana na msomaji wa kawaida? Jawabu letu ni ndiyo. Wala hawakuachana naye kwa sababu wanapenda vitu vizuri. Wameachana naye kwa sababu mkono unaowalisha umebadilika. Msomaji hakuwa tena mlipaji wao. Mlipaji akawa muuzaji. Na mwenye kulishwa na muuzaji, hata awe mwema kiasi gani, hupima kwa futi ya muuzaji.

TUSICHOKIPINGA

Kabla hatujaendelea, inatupasa tuweke wazi tusichokipinga, ili asije mtu akatuzulia maneno. Hatupingi uzuri wa mavazi. Yajulikana kwa kila aliyesoma hadithi za Mtume wetu (s.a.w.) kwamba aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, na hakukiita kitu hicho kibri. Alikieleza kibri kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo anayedai kwamba ucha Mungu ni kuvaa matambara hana hoja kwetu. Usafi ni wajibu, unadhifu ni sifa njema, na nguo iliyomkaa mtu vyema ni neema ya kushukuriwa.

Wala hatuidharau kazi ya fundi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Chama cha washonaji wa Savile Row, mtaa mashuhuri wa mafundi wa London, kilichoanzishwa mwaka 2004, kimeweka sharti kwamba suti inayostahili jina la mtaa huo itumie kazi ya mkono isiyopungua saa 50. Saa 50 za sindano ni umri wa mtu, ni macho ya mtu, ni mgongo wa mtu. Anayezilipia kwa haki hakufanya kosa, na anayezieleza kwa ukweli hakufanya kosa.

Tunachokipinga ni kitu kimoja: ushauri unaotolewa kwa jina la msomaji ilhali umelipiwa na mwenye duka, na unaomfanya mtu wa kipato cha kawaida ajione duni kwa kukosa kitu ambacho hakukihitaji. Ushauri ni amana. Anayeombwa shauri amewekewa dhamana, naye ataulizwa juu yake.

MAANDISHI HAYA YALIZALIWA WAPI?

Ili tufahamu ugonjwa, hatuna budi kutazama ukoo wake.

Mtu anayetajwa mara nyingi kuwa baba wa unadhifu wa wanaume wa siku hizi ni Mwingereza George Brummell, aliyezaliwa mwaka 1778. Zama zake wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wakivaa hariri za rangi, nakshi za dhahabu na nywele za kupakwa poda. Brummell aliyaacha hayo. Alivaa koti la rangi ya giza lililokatwa vizuri, shati jeupe lililofuliwa likatakata, na aliujali sana usafi wa mwili. Mafunzo yake, ukiyatazama kwa insafu, yalikuwa mafunzo ya kupunguza. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kuishi kwa kupunguza. Aliandamana na mwana wa mfalme, akacheza kamari, akakopa, na mwaka 1816 alikimbilia Ufaransa kwa sababu ya madeni. Huko nako aliwahi kufungwa jela kwa deni, na mwaka 1840 alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akiwa fukara. Waandishi wa mavazi hupenda sana kusimulia tai yake. Mwisho wake huupitia mbio.

Ama maandishi yenyewe, asili yake inafunza zaidi. Mwaka 1931, katika siku za mdororo mkubwa wa uchumi, Marekani lilianzishwa jarida liitwalo Apparel Arts. Jarida hilo halikukusudiwa mnunuzi. Lilikuwa jarida la wafanyabiashara, la kuwasaidia wenye maduka na washonaji kumwonyesha mteja picha za nguo ili apate kununua. Wateja waliokuwa wakilifunua dukani walipolipenda, wachapishaji wake wakaona kuna soko, na mwaka 1933 wakaanzisha jarida la Esquire kwa ajili ya wasomaji wote. Apparel Arts lenyewe ndilo lililokuja kuzaa jarida la GQ, lililotoka kwa jina la Gentlemen's Quarterly mwaka 1957.

Basi zingatieni, ndugu wasomaji. Maandishi ya mavazi ya wanaume kama tuyajuavyo hayakuzaliwa sebuleni kwa msomaji. Yalizaliwa kaunta, upande wa mwenye duka. Mtoto hukua akaweza kuuacha mtaa aliozaliwa, na wako waandishi waliojitahidi kuuacha. Lakini mtaa huo humwita tena, na wengi wameitika.

KULIKUWA NA NJIA NYINGINE

Asije mtu akasema kwamba nguo nzuri haikuwahi kuwa ya mtu wa kawaida huko Uingereza, kwa hiyo waandishi hawana la kufanya. Historia inamkanusha.

Mwaka 1900 kijana mmoja kutoka Lithuania, aliyekuja kujulikana kwa jina la Montague Burton, aliwasili Uingereza bila ya mali. Alianza na duka dogo katika mji wa Chesterfield, kisha akaufanya mji wa Leeds kuwa makao ya kiwanda chake. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka: mteja anapimwa katika duka la mjini kwake, vipimo vinapelekwa kiwandani Leeds, na suti inarudi ikiwa imeshonwa kwa mwili wake. Bei iliyompa jina ilikuwa shilingi 55 za Kiingereza wakati huo. Kwa mamia ya maduka yake, karani, kondakta wa basi na mchimba makaa waliweza kwenda kanisani, harusini na mazikoni wakiwa wamevaa suti iliyopimwa kwa miili yao. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, serikali iliwapa askari walioachishwa jeshi suti ya kurudia uraiani, na sehemu kubwa ya suti hizo ilishonwa na Burton.

Hatumsifu Burton kuwa walii. Alikuwa mfanyabiashara na alipata faida yake. Tunachosema ni kwamba alimwanzia mteja mfukoni, akauliza mtu huyu ana kiasi gani, kisha akatafuta namna ya kumvisha vizuri kwa kiasi hicho. Mwandishi wa leo huanza na koti, akalipenda, halafu ndipo anapotafuta mtu wa kumfaa, na asipompata humlaumu kwa kukosa ladha.

Hata katika zama zetu hizi wako waliofuata njia njema. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, watu wengi huko Marekani na Uingereza walipoteza kazi, na wengine walilazimika kwenda kutafuta kazi mpya wakiwa na suti moja tu. Ndipo wakatokea waandishi, wengi wao wakiwa watu wa kazi nyingine, wakawa wanawafundisha wenzao mambo ya manufaa: kwamba bega ndilo la kutazamwa kwanza kwa sababu fundi hulibadili kwa taabu, kwamba mkono wa koti na kiuno hurekebishika kwa gharama ndogo, kwamba viatu vikipumzishwa siku moja na kutiwa vigingi vya mbao huishi zaidi, kwamba koti kuukuu la sufu nzuri hulishinda koti jipya la nailoni. Hayo ni mafunzo ya haki. Mwenye shilingi kumi aliondoka nayo akiwa ameneemeka, na mwenye shilingi elfu vilevile.

WALIPOANZA KUPOKEA

Kisha zikaja zawadi. Wenye maduka waliona kwamba watu wanawaamini waandishi hawa kuliko wanavyoyaamini matangazo, nao wakafanya kama afanyavyo kila mfanyabiashara mwerevu: wakawanunua walioaminiwa. Hawakuwanunua kwa rushwa ya gizani. Waliwapelekea viatu wavijaribu. Waliwaalika Florence kwenye maonyesho ya Pitti Uomo, yaliyoanza mwaka 1972 na ambayo hufanyika majira ya baridi na ya joto. Waliwashonea koti kwa bei ya urafiki. Baadaye wakawaomba wabuni koti pamoja nao, wakagawana mauzo. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa haukosi wa kuulamba.

Jambo hili lilifika mahali ambapo mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilibadili miongozo yake, ikataka wanaosifu bidhaa kwenye mtandao waseme wazi wanapokuwa wamelipwa au wamepewa bidhaa hiyo bure. Serikali haitungi mwongozo kwa jambo lisilokuwapo.

Waandishi wengi walitii. Leo utaona mstari mdogo mwishoni ukisema kwamba nguo hii ilitolewa na mwenye duka. Tunawashukuru kwa kusema kweli. Lakini tuulize: je, kukiri kwamba mizani ina kasoro kunaifanya mizani iwe sawa? Muuza sukari akikuambia kwamba kipimo chake kinapungua kidogo, atakuwa amepunguza dhambi ya uongo, ila sukari yako haijaongezeka. Mwandishi anayevaa makoti kumi na mawili ya zawadi kwa mwaka hawezi tena kujua uzito wa koti moja kwa mtu anayelinunua kwa jasho. Halisemi uongo lile jicho lake, limezoea tu.

Hapo ndipo alipoachana na msomaji, na hakuachana naye siku moja. Alisogea hatua kwa hatua, kila zawadi hatua moja, na kila hatua bei iliyokuwa ikimshtua jana ikawa ya kawaida leo. Ukisoma maandishi ya mtu mmoja wa namna hii tangu mwanzo wake hadi leo, utamkuta mwanzoni akihesabu pauni moja moja kama mtu aendaye sokoni na watoto nyumbani, na mwishoni akiita kitu cha pauni elfu mbili kuwa ni cha kuanzia.

HESABU ZENYEWE

Na tuziweke hesabu mezani, kwa maana polemiki bila hesabu ni kelele. Suti ya kushonwa kwa mkono katika nyumba kubwa za Savile Row leo hupita pauni 5,000. Mwaka 2024 mshahara wa kati wa mfanyakazi wa muda kamili wa Uingereza ulikuwa takriban pauni 37,400 kwa mwaka, yaani kama pauni 3,100 kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa hiyo mtu wa katikati, katika nchi yenyewe inayoshona suti hizo, angelazimika kutoa zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja na nusu, asile, asilipe nyumba, asipande basi, apate suti moja. Basi itakuwaje kwa kijana wa Mombasa, wa Tanga au wa Bujumbura aisomaye habari hiyo hiyo?

Na yako mengine. Mwezi Machi mwaka 2022, Idara ya Takwimu ya Uingereza iliiondoa suti ya mwanamume katika kapu la bidhaa zinazotumika kupima mfumuko wa bei, na badala yake ikaweka koti la heshima peke yake. Kapu hilo huwekwa vitu ambavyo watu wa kawaida huvinunua. Baada ya miaka ya Korona, watu wengi wakifanyia kazi majumbani, suti haikuwa tena miongoni mwa vitu hivyo. Yaani wakati waandishi walipokuwa wakibishana juu ya upana wa ukosi, msomaji wa kawaida alikuwa ameshatoka chumbani, na walioona kwamba katoka ni wahesabu wa serikali.

HOJA ZA WATETEZI

Watetezi wa waandishi hawa wana hoja tatu, na insafu inatutaka tuzisikilize.

Hoja ya kwanza husema: hakuna aliyelazimishwa kusoma, wenye mali nao wana haki ya kuandikiwa. Tunakubali kwamba wana haki. Lakini wasomaji wa kurasa hizi wengi si matajiri. Matajiri wana washonaji wao na hawana haja ya kufundishwa. Anayesoma usiku wa manane ni yule anayetamani. Mwandishi analijua hilo, na mwenye duka analijua zaidi, kwa kuwa wingi wa wanaotamani ndio mtaji wanaouziana. Hapo basi msomaji wa kawaida hakusahauliwa kabisa. Amekumbukwa kama idadi, akasahauliwa kama mtu.

Hoja ya pili husema: kitu cha ghali hudumu, hivyo ni rahisi kwa hesabu ya muda mrefu. Hoja hii ina ukweli hadi mahali fulani. Kiatu cha ngozi kinachoweza kutiwa soli mpya ni bora kuliko vitatu vya kubandikwa. Lakini ukweli huo una mpaka wake. Koti la bei mara kumi halidumu mara kumi. Juu ya kiwango fulani unalipia jina, kodi ya duka la mtaa mkubwa, na hadithi, na hadithi hiyo ndiyo anayoiandika mwandishi wetu. Tena, anayekopa ili aokoe fedha kwa miaka ishirini ijayo hajaokoa kitu. Ameuza usingizi wake wa leo. Wazee walituambia kila mtu ajikune ajipatapo.

Hoja ya tatu ndiyo inayogusa nyoyo, nayo husema: tunawasaidia mafundi, bila sisi kazi ya mikono ingekufa. Tungeipokea hoja hii kwa mikono miwili laiti waandishi wangeifuata hadi mwisho wake, wakauliza kila mara ni nani aliyeshona na alilipwa nini. Mwezi Julai mwaka 2025 mahakama ya Milan iliiweka kampuni ya Loro Piana, mojawapo ya majina yanayosifiwa mno katika maandishi haya kwa sufu yake laini, chini ya uangalizi wa mahakama kwa muda wa mwaka mmoja. Majaji waliona kwamba kampuni haikusimamia ipasavyo mlolongo wa wakandarasi wake, ambako wafanyakazi walikuwa wakinyonywa. Kampuni ilisema kwamba ilimwacha mkandarasi huyo mara ilipopata habari, nasi tunaitaja kauli yake kwa haki. Lakini tunauliza: jambo hilo lilifichuliwa na nani? Lilifichuliwa na askari wa Italia na waendesha mashtaka. Waandishi walioalikwa viwandani, wakapigwa picha na vitambaa, wakala chakula cha mchana kizuri, walituandikia ulaini wa sufu. Mwenye kusema anamtetea fundi, na asitake kumjua fundi wa ngazi ya chini, huyo anatetea picha ya fundi.

TUSIWACHEKE KWA HARAKA

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Wazungu na suti zao, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza, koti hilo hilo hufika kwetu. Likishachakaa, au mwenyewe akishalichoka, huingia katika marobota ya mitumba na kutua Gikomba, Manzese na Owino. Hapo mwalimu wa shule hulinunua, humpelekea fundi cherehani, na fundi hulipunguza kiuno na kulifupisha mikono kwa fedha kidogo. Vazi la mtu wa kawaida ni jambo zito kiasi kwamba mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kuinua viwanda vya ndani, na Rwanda ilipousimamia uamuzi huo, Marekani ikaisimamishia mwaka 2018 nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Hayo yote ni habari ya koti la sufu. Ni nadra sana kuyakuta katika maandishi ya mavazi ya kifahari, kwa kuwa kwao koti huishia pale linaponunuliwa.

Na tumtazame yule fundi wa barazani. Humpima mteja kifua na kiuno, kisha humuuliza swali ambalo mwandishi wa London amelisahau: una kiasi gani, mwanangu? Akiambiwa, husema, kwa kiasi hicho chukua kitambaa kile, hiki kitakushinda. Fundi huyo anamlaza mteja wake salama. Hana picha wala safari za Florence, lakini yeye ndiye mshauri wa mavazi kwa maana ya kweli ya neno hilo.

Ya pili ni chungu zaidi, nayo ni kwamba ugonjwa huu tunao sisi wenyewe. Itazameni misikiti yetu siku ya Idi. Kanzu imeanza kuulizwa ilikotoka kabla mvaaji hajasalimiwa. Kofia ya kushonwa kwa mkono, kazi ya miezi ya mama aliyekaa kibarazani, hutazamwa bei yake na kuachwa jina lake. Yuko mzazi aliyechelewa sala ya Idi kwa kuona haya ya kanzu ya mwaka uliopita. Ikiwa mtu anaona haya kuja msikitini kwa sababu ya nguo iliyo safi na yenye stara, basi sisi tuliomtia haya hiyo tumefanya kazi ile ile ya waandishi tunaowalaumu, tena tumeifanya bure. Mtume wetu (s.a.w.) aliwakataza wanaume wa umma huu hariri na dhahabu, na ilikatazwa kuiburura nguo kwa majivuno. Anayeliepuka hariri kisha akajivuna kwa pamba, amelishika neno na kuliacha kusudio.

NASAHA YETU

Kwa waandishi wa mavazi, popote walipo, na hasa kwa vijana wetu walioanza kuandika kwa Kiswahili juu ya suti, kanzu na viatu, tunasema mambo manne.

Kwanza, chagueni nani anayewalisha, kwa sababu huyo ndiye mtakayemtumikia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msikubali kuwa miguu ya kinachojitembeza.

Pili, kila mnapotaja bei, itajeni pamoja na mshahara. Semeni: koti hili ni mshahara wa mwezi wa mwalimu, au wa miezi mitatu. Ikiwa mkono utatetemeka kuandika hivyo, basi huo mtetemo ni ukumbusho.

Tatu, kwa kila koti moja la kifahari mnalolieleza, elezeni kazi moja ya fundi wa mtaani, kwa jina la kazi yake na kwa gharama yake.

Nne, msiifunganishe nguo na utu. Semeni koti hili limeshonwa vizuri au vibaya. Msiseme mwanamume anayejiheshimu havai lile. Heshima ya mtu haimo katika kanvasi.

Kwa wasomaji tunasema: kabla hamjaupokea ushauri, ulizeni aliyeutoa amekula kwa nani. Someni mkajifunze ufundi, kwa kuwa ufundi ni elimu, na iacheni bei pale ilipo. Wala msikope kwa ajili ya vazi. Nguo ya deni haimsitiri mtu; humvua kila mwisho wa mwezi.

Na kwetu sisi, wazee na wasimamizi wa jamaa: anapoingia kijana na koti la mitumba lililofuliwa na kunyooshwa, tumpishe katika safu ya mbele kama tunavyompisha mwenye kanzu ya Maskati. Yule kijana tuliyemtaja mwanzoni ameuza suti moja kwa hasara, na nyingine anaivaa kazini akiendelea kuilipia. Alitwambia kwamba hakuna hata mtu mmoja ofisini aliyewahi kuifunua bitana yake kutazama kama kanvasi imeshonwa au imegandishwa. Anayemkagua bitana ni mkopeshaji peke yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuvaa kwa shukrani, kushauri kwa uaminifu, na kumtazama ndugu kabla ya nguo yake. Amin.